Mjumbe Aliyekubaliwa Siku ya Kwanza

Mimi ni mtu wa hasira. Mke wangu anajua, padre anajua, hata punda wangu anajua. Nimekuwa katekista wa kigango chetu, huku upande wa Dirma, tangu kabla serikali haijaanza kulima ngano, na kazi hii haina mshahara. Ina baiskeli, lakini baiskeli yenyewe ni yangu. Nayasema haya mapema ili nikifika mahali nilipompigia kelele mzee mgonjwa mbele ya watu, asiwepo wa kushangaa.

Mzee mwenyewe ni Tluway. Aligombana na Mungu mwaka ule wa mvua ya mawe. Shamba lake la mahindi lilipakana na shamba la ngano la serikali, katikati ikiwa barabara ya trekta tu. Mawe yalianguka robo saa. Yalipiga mahindi yake yakabaki vijiti, yakapiga maharage, yakaua kuku wawili, halafu yakafika kwenye ile barabara ya trekta yakakoma. Ngano ya serikali, ekari kwa maelfu mpaka jicho linachoka, haikudondosha hata suke. Mzee Tluway akaiangalia ngano, akayaangalia mahindi yake, akapanda juu ya mashine mbovu ya kuvunia, kombaini, iliyokuwa imetelekezwa mpakani ili awe karibu zaidi na anayemsemesha, akainua fimbo, akaanza. Madereva sita wa kombaini waliokuwa wanakula ugali kando walisikia kila neno. Maneno hayo nitayaandika mbele kidogo, kwa kuwa yaliniletea kesi.

Alipomaliza alishuka, akaja moja kwa moja kwangu. Alibatizwa Patriki, na alikuja kulirudisha jina.

"Hili mtampa mwingine," alisema.

Nikamweleza kwamba jina la ubatizo halirudishwi. Akasema hata koti la kuazima linarudishwa. Tangu siku hiyo akawa Tluway tu, jina lake la nyumbani, linalopewa mtoto aliyezaliwa mvua ikinyesha, na mvua hiyohiyo ndiyo iliyomponza. Miaka minane hakukanyaga kanisani. Mkewe, Mama Yoakimu, alikuja kila Jumapili, na mzee alimsindikiza hadi kwenye ua wa minyaa, akageuka kama mtu aliyekumbuka kwamba kule ndani anadaiwa neno.

Sasa ngiri ikamshika. Alienda hospitali ya Haydom wakamwangalia, wakamwambia arudi Alhamisi akatwe. Basi la Haydom hupita kwetu Jumatano asubuhi. Na Jumapili, ikiwa Kwaresima, mimi nilikuwa nimefundisha habari ya kupatanishwa na Mungu, na nilifundisha vizuri, nasema ukweli. Watu wawili tu walisinzia. Alasiri nikamwona Mzee Tluway anaingia uani kwangu, mkono mmoja kwenye fimbo, mwingine umeshika ngiri isitangulie.

"Nasikia asubuhi umewaambia watu wapatanishwe na Mungu," alisema.

"Nimewaambia."

"Na mimi nimo?"

"Kila mtu yumo."

"Basi nimekuja. Alhamisi nakatwa tumbo, Katekista. Kufa siogopi, umri wangu nimekula. Naogopa kufika."

"Kufika wapi?"

"Kwake. Utafikaje kwa mtu ambaye hamsemezani? Utaingilia mlango gani? Utasimama uani kama mbuzi wa watu?"

Moyo wangu ulifurahi sana. Nikamwambia jambo lake ni rahisi: atubu tu, aseme na Mungu kwa moyo wake, na padre akija baada ya Pasaka ataungama. Alinitazama kama ninavyowatazama watoto wa komunyo ya kwanza wakiniambia Utatu Mtakatifu ni watu wanne.

"Kuungama ni kwa dhambi za siri," alisema. "Yangu ilisikiwa na madereva sita. Hii inataka mjumbe."

Hapa lazima nieleze, maana msomaji anaweza kuwa ametoka mbali. Kwetu, mtu aliyemkosea mwenzake vibaya haendi mwenyewe. Anatuma mjumbe. Mjumbe anasimama uani kwa aliyekosewa, hapewi kigoda, analitaja kosa lote bila kulipunguza, na safari ya kwanza anakataliwa. Lazima akataliwe. Kosa linalosamehewa papo hapo halikuwa kosa, na aliyekosewa anaonekana hana uzito. Safari ya pili anakataliwa tena, ila kwa sauti ya chini. Safari ya tatu anaulizwa, "Huyo kondoo yuko wapi?" Hapo maneno yameisha. Kondoo anachinjwa, pombe ya asali inanywewa kibuyu kimoja, na watu wanarudi kuazimana majembe.

"Kesho asubuhi atakataa," Mzee Tluway alihesabu kwa vidole. "Kesho alasiri atakataa. Keshokutwa atakubali. Jumatano napanda basi."

"Na mjumbe ni nani?" nikauliza, ingawa nilishaona anavyoniangalia.

Nilikubali. Nilidhani ni njia fupi ya kumtuliza mgonjwa. Jumatatu asubuhi nikaingia kanisani, nikapiga goti, nikasali Baba Yetu moja na Salamu Maria tatu kwa nia ya Mzee Tluway, nikarudi kwake kwa baiskeli. Alikuwa amekaa mlangoni akinisubiri.

"Amekubali," nikamwambia.

"Nini?"

"Amekusamehe. Mambo yamekwisha. Kunywa chai."

Akasimama. Sijui ngiri aliiacha wapi, lakini alisimama wima.

"Siku ya kwanza? Mimi na jirani yangu Bura tuligombana kwa ajili ya mbuzi, mbuzi mmoja, tena mwenye kikohozi, akanikatalia mara tatu! Sasa Mungu, nimemtukana juu ya kombaini, watu wanasikia, anakubali asubuhi kabla ya chai? Wewe ulikwenda wapi?"

"Nilikwenda kanisani."

"Ulimwambia nilichosema?"

"Mzee, anajua."

"Kujua ni kujua. Mjumbe hasemi 'unajua'. Mjumbe anataja! Amekubali kwa sababu umemficha. Siku nikifika atasema, kumbe na hilo la jembe ulilisema? Mjumbe wako mbona hakuniambia? Chukua daftari."

Mkewe, Mama Yoakimu, aliyekuwa anapepeta mtama, akaniletea daftari la mjukuu na kalamu bila kuinua macho. Nikakaa kwenye kigoda nikaandika matusi kama mtoto wa darasa la tatu anayeandika imla. La kwanza: wewe ni jirani mbaya, hata Mbarbaigi ng'ombe wake wakiingia kwangu huja kesho yake na maziwa kuniomba radhi, wewe hukuja. La pili: unapendelea wenye magari. La tatu: hukulelewa na wazee.

"Hili la tatu linamhusu Mungu kwa namna gani?" nikauliza.

"Sijui. Nilikuwa na hasira. Andika."

La nne: ungekuwa mtu, nisingekuazima hata jembe.

Nilipomsomea yote, alinirudisha nilisome tena lile la jembe, kwa kuwa nililisoma kwa upole. Yeye hakulisema kwa upole.

Jumatatu alasiri, basi, nikasimama mbele ya altare na daftari la hesabu mkononi. Nilijaribu kusoma kwa kunong'ona, nafsi ikanisuta. Kama ni ujumbe, ni ujumbe. Nikasafisha koo nikasoma kwa sauti ile ninayotumia siku ya Ijumaa Kuu, nikanyoosha na mkono kama yeye alivyonyoosha fimbo. "Unapendelea wenye magari!" Kanisa letu ni la mabati, lina mwangwi mzuri. Nilipofika kwenye jembe nilisikia ndoo inaanguka sakristia, chumba cha nyuma ya altare, na maji yakaja yakipita chini ya mlango. Konsolata, mama anayefagia kanisa, alikuwa ndani humo akikwangua nta ya mishumaa. Nilifungua mlango nikaona kisigino chake tu kinapotea dirishani, na Konsolata si mwembamba.

Kabla ng'ombe hawajarudi zizini, kigango kizima kilikuwa kinajua kwamba Katekista ameingiwa na kitu.

Nikamrudia Mzee Tluway, nikamwambia nimekataliwa. Nilisema hivyo kwa sababu niliona ndoo ya Konsolata inatosha kuwa dalili. Uso wake ukang'aa.

"Unaona?" akasema. "Huyo sasa ni mtu mwenye uzito."

Jumanne asubuhi nikaitwa mbele ya halmashauri ya walei. Mwenyekiti wetu alikuwa Hermani, karani wa mizani kwenye shamba la ngano, mtu aliyezoea kutopokea kitu kabla hajakipima. Walikuwa wamekaa watano kwenye benchi la mbele, mimi nimesimamishwa. Konsolata alikaa kando, na rozari mbili shingoni badala ya moja.

"Katekista Nicodemo," Hermani alianza, "ni kweli kwamba jana alasiri, ukiwa na akili timamu, ulimwambia Mwenyezi Mungu kwamba usingemwazima jembe?"

"Ni kweli. Lakini jembe si langu."

Wakaandika. Nikatoa daftari kujitetea, na hapo nikajimaliza, kwa kuwa mwandiko ulikuwa wangu. Hermani alisoma kimya, midomo ikicheza, akafika pale pa wazee wasiomlea Mungu, akafunga daftari na kufuta mikono yake. Nikasema aitwe mwenye maneno. Hakukuwa na haja ya kumwita. Mzee Tluway alikuwa amefika nje kwa ile safari ya tatu, amemleta kondoo dume mweusi, mkia umejaa mafuta, ambaye sijaona mzuri kama yeye hata mnadani Katesh. Alikuja pia na kibuyu. Hakuvuka kizingiti. Alisemea mlangoni.

"Maneno ni yangu. Konsolata, alisoma la jembe?"

"Alisoma," Konsolata akajibu kwa hofu.

"Kwa sauti?"

"Kwa sauti."

"Na alijibiwa nini?"

"Sikungoja."

Akatikisa kichwa kuonyesha ameridhika na shahidi. Ubaya ni kwamba ili mikono iwe huru ya kutolea ushahidi, alikuwa amemfunga kondoo kwenye kamba ya kengele. Kengele yetu ni rimu ya trekta iliyostaafu, imening'inizwa kwenye gogo, na kamba inavuta nyundo. Kondoo akaona majani upande wa pili wa ua. Akavuta. Rimu ikalia. Kondoo akashtuka kwa mlio, akakimbia, rimu ikalia zaidi, na kadiri ilivyolia ndivyo alivyozidi kukimbia. Kengele hiyo isipokuwa Jumapili ina maana mbili tu: moto au msiba. Watu wakatoka mashambani na majembe. Akina mama wakaanza kulia kabisa wakiwa bado njiani, kila mmoja akimlilia mgonjwa wa kwao. Dereva wa trekta wa shamba la ngano akaacha kupanda, akaja mbio na trela lenye pipa la maji, akauliza, "Wapi? Wapi?" na kabla hajajibiwa akamwagia maji mtu wa kwanza aliyemwona, ambaye alikuwa mwenyekiti Hermani akitoka kutazama.

Nilipomkamata yule kondoo, uani palikuwa na watu zaidi ya wa Krismasi. Nimechafuka, nina kesi, mwenyekiti amelowa, na Mzee Tluway anakuja kwangu taratibu, ananinyooshea kibuyu cha pombe ya asali.

"Sasa ingia," akasema. "Atauliza kondoo yuko wapi."

Hapo ndipo nilipompigia kelele.

"Hataki kondoo wako!" nilisema. "Mzee, hataki! Kondoo ameshaletwa zamani!"

"Na nani?"

"Na Yeye mwenyewe! Yeye aliyekosewa ndiye aliyeleta kondoo! Ndiye aliyetuma mjumbe! Hakungoja tumwendee, alitujia yeye, amebeba kila kitu yeye, na mjumbe alikuwa Mwanawe! Miaka yote nafundisha hapa nini? Nafundisha kupika?"

Mzee Tluway alishusha kibuyu.

"Aliyekosewa ndiye aliyetuma mjumbe?" aliuliza. "Hiyo ni desturi ya wapi?"

"Ya kwake."

"Na mjumbe alipofika, mlimpa kigoda?"

Hasira yangu ikaanza kuniacha, nisijue inakwenda wapi.

"Tulimpiga," nikasema.

Minong'ono ilipita kwa wazee waliokuwa nyuma, hata wale wasiosali. Kwetu mjumbe hapigwi. Unaweza kumnyima maji, unaweza kumwachia mbwa abweke, lakini humgusi.

"Mlimpiga mjumbe," Mzee Tluway akarudia. "Sana?"

"Mpaka akafa."

"Na mwenye mtoto akafanya nini?"

"Akasema yaishe."

Alikuwa anaijua habari hiyo. Alibatizwa akiwa kijana, amebeba msalaba Ijumaa Kuu mara nyingi kuliko mimi. Lakini nadhani alikuwa hajawahi kuisikia kama habari ya ua na jirani. Alisimama pale akiangalia chini, na uso wake ukawa wa mtu aliyekamatwa.

"Na mimi nikamwambia hakulelewa na wazee," alisema.

Kisha akamfungua kondoo wake, akampa Mama Yoakimu kibuyu, akaenda nyumbani. Watu wakampisha. Mimi nikabaki na ushindi ambao sikujua niuweke wapi. Kesi yangu iliahirishwa kwa sababu karatasi za mwenyekiti zilikuwa zimelowa.

Saa tisa Mama Yoakimu akaja kwangu, amejifunga kanga kiunoni, dalili mbaya.

"Umeniharibia mume," akasema. "Amefungua mzigo wa safari. Anasema Haydom haendi. Hawezi kukatwa wala kufika, kwa sababu hana cha kumpelekea Mungu. Jana alikuwa na kondoo, leo wewe umemnyang'anya."

Nilimfuata. Kweli, Mzee Tluway alikuwa amekaa kitandani, shati lake la safari limetundikwa tena kwenye msumari, na ngiri imemvimba kwa mbio za asubuhi. Nilimweleza kwamba hadaiwi chochote. Akasema hiyo ndiyo inayomuua. Angetajiwa ng'ombe watatu angekwenda kukopa kwa Bura, akalipa, akainua uso. Sasa atainua nini? Mtu uliyemtukana anakuletea kondoo nyumbani kwako, unamtazamaje?

"Mimi si ombaomba," alisema. "Sijawahi kusamehewa bure na mtu."

Mama Yoakimu aliweka chini ungo wake.

"Hujawahi?" akauliza. "Baba Yoakimu, hujawahi? Ulipouza fahali wangu ukasema kaliwa na fisi, uliniletea kondoo? Uliponiacha Katesh sokoni ukarudi na baiskeli peke yako, ukanikumbuka umefika nyumbani, uliniletea kondoo? Ungekuwa unaleta kondoo kila unaponikosea, leo tungekuwa na zizi kubwa kuliko shamba la serikali!"

Mzee alimtazama.

"Kumbe ulikuwa unanisamehe?" akasema. "Mimi nilidhani umesahau."

"Mwanamke hasahau."

"Yule fahali pia?"

"Alikuwa na doa jeupe hapa," akasema Mama Yoakimu akigusa paji lake la uso, akachukua ungo akatoka.

Mzee akashuka kitandani kwa taabu, akachukua lile shati kwenye msumari, akalivaa, akakosea vifungo, akavirudia.

Najua wako wanaotaka kusikia habari za ngiri. Alikatwa Alhamisi, akarudi na nyuzi saba, akawaonyesha watu hata wasioomba, akaishi miaka mingi akitusumbua. Iishie hapo. Mimi nataka kusema tulivyokwenda kanisani Jumanne ile, saa kumi jua likiwa bado kali, yeye na mimi, bila kondoo na bila kibuyu.

Kwenye ua wa minyaa alisimama kama kawaida yake. Nikadhani atageuka. Akaniuliza, "Nishike nini?"

"Usishike kitu."

Aliitazama fimbo yake, akaiegemeza kwenye minyaa. Bila fimbo hakujua mikono aipeleke wapi. Aliiweka nyuma, akaileta mbele, mwisho akaiacha ining'inie tu, mikono mikubwa ya mkulima, imefunguka. Tukaingia hivyo. Aliuliza mjumbe anasimama wapi, nikamwambia leo hakuna mjumbe, aende mwenyewe, mimi nitabaki huku nyuma. Alikwenda hatua kwa hatua katikati ya mabenchi mpaka mbele, chini ya msalaba. Nilingoja atubu. Nilikuwa nimemfundisha njiani sala ya kutubu, fupi, maneno ambayo hata mtoto anayaweza.

Hakuisema. Alivua kofia, akainamisha kichwa, akasema, "Shikamoo."

Ilimtoka kwa shida. Mzee huyu alikuwa mkubwa kuliko watu wote wa upande wetu. Kuanzia Dirma hadi mwisho wa ngano ya serikali hakuna aliyebaki hai wa kuamkiwa na yeye. Neno hilo huwa analipokea kutwa nzima, na sijui ni miaka mingapi ilikuwa imepita tangu alitoe. Alilisema kama mtoto aliyetumwa kwa mkubwa asiyemjua. Halafu akanyamaza, akasubiri.

Alisubiri kama anavyosubiri mtu aliyeamkia. Mabati yalikuwa yanalia kwa joto. Dakika zikapita. Mimi nyuma nikaanza kutoka jasho, maana nilifundisha mengi katika maisha yangu, lakini kitu cha kumwambia mzee aliyeamkia asiitikiwe sikuwa nacho. Naona aibu kusema, ila nusura niitikie mimi.

Kisha mabega yake yakashuka. Alipitisha mkono usoni, akakaa kwenye benchi la mbele, upande wa akina mama, akakaa hapo kwa raha kabisa kama mtu aliyekaribishwa. Nilimfuata polepole. Macho yake yalikuwa na machozi na hakuyaficha.

"Ameitika?" nikanong'ona.

"Hukusikia?"

"Sikusikia kitu, Mzee."

Alinitazama kwa huruma, mimi, katekista wake wa miaka kumi na tisa.

"Utasikiaje?" akasema. "Wewe hukumwamkia."

Akavaa kofia yake, akatoka kwenda kufunga mzigo wa safari. Mimi nikabaki pale. Nilitaka kukasirika, hasira ikakataa kuja. Nikahesabu moyoni sala zote nilizoongoza katika kanisa lile, ibada zisizo na padre, mazishi, njia za msalaba, na sikukumbuka hata siku moja niliposema neno nikanyamaza ili nijibiwe. Nikachungulia sakristia, nikachungulia na madirisha, nikahakikisha niko peke yangu. Nikavua kofia.